Mpaka wa kitwitwi: namna ya kuchunguza ndege wa ufukweni anavyolinda eneo lake kando ya Ziwa Kivu, Goma

Tembea ufukweni asubuhi ya Oktoba, kutoka Himbi kuelekea Keshero, na utamwona ndege mdogo, kahawia mgongoni na mweupe tumboni, akihangaika juu ya mawe meusi ya lava huku mkia ukinesa bila kupumzika. Ukimkaribia anaruka chinichini juu ya maji, mabawa yamekakamaa, analia "swii-wii-wii", anatua mita 40 mbele yako. Ukimsogelea anaruka tena. Mara ya tatu au ya nne anafanya jambo ambalo wapita njia hawalitilii maanani: hasongi mbele tena, anakata kona ziwani, anakuzunguka, anarudi nyuma yako kule kule alikotoka. Pale alipogeukia ndipo parseli yake inapoishia.

Kazi yote inayoelezwa hapa inasimama juu ya kona hiyo. Wengi wanaoanza kuchunguza ndege wanaolinda maeneo hungojea mapigano, wakakaa saa 3 bila kuona hata moja, wakahitimisha kwamba ndege wa ugenini hawana mipaka. Mapigano ni haba kwa sababu mipaka inafanya kazi. Majirani wanaofahamiana hawana haja ya kupigana kila asubuhi, kama vile wenye viwanja viwili vilivyokwisha kupimwa hawana haja ya kwenda barazani kila Jumatatu. Kwa hiyo tafuta kwanza mahali ndege anapogeuka, ugomvi utakuja wenyewe.

Ndege wa kuanza naye

Ziwani Kivu anza na Actitis hypoleucos, ambaye vitabu vya Kifaransa vinavyotumika kwetu humwita chevalier guignette. Hapa tutamwita kitwitwi tu. Ana urefu wa sentimita 19 hadi 21 na uzito wa gramu 50 hivi. Alama yake ya uhakika ni kabari nyeupe inayopanda kati ya ubavu wa kifua na ukingo wa bawa lililokunjwa. Akiruka huonyesha mstari mweupe juu ya bawa, na hupiga mabawa kwa mitikisiko mifupi, kisha anayaacha yamekakamaa kama mtu aliyenyoosha mikono akihofia kuanguka.

Huzaliana kwenye mito na maziwa ya Ulaya na Asia, halafu huja kwetu kukimbia baridi ya huko. Wa kwanza huonekana kuanzia mwishoni mwa Julai na Agosti, na wengi wamekwisha kuondoka ifikapo Mei. Methali yasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu hangoji kupewa, anajichukulia shamba mwenyewe.

Kuna sababu ya kumchagua yeye na si mwingine. Anakula peke yake mchana kutwa, na anakula kwenye ukingo wa maji, kwa hiyo eneo lake ni mstari, si uwanja. Mstari unapimika kwa kamba. Tena Ziwa Kivu halina maji kupwa na maji kujaa ya kuhesabika. Pwani ya bahari, eneo la ndege hufunikwa na maji mara 2 kwa siku, na mchunguzi analazimika kupanga kila kitu kwa ratiba ya maji. Hapa mawe uliyoyaona saa 12 asubuhi utayakuta saa 10 jioni.

Wawili wanaoweza kukuchanganya ni Tringa ochropus na Tringa glareola. Wa kwanza ni mweusi zaidi, chini ya bawa ni giza tupu, kiuno ni cheupe kinachong'aa anaporuka, naye hupenda mitaro, vijito na mabwawa madogo kuliko ufuko wazi. Wa pili ana mgongo wa madoadoa na mstari mweupe juu ya jicho, hupatikana zaidi kwenye vinamasi, mara nyingi wakiwa kadhaa pamoja. Mwingine anayewadanganya wanafunzi si wa ukoo huu kabisa: Motacilla aguimp, yule ndege mweusi na mweupe wa kwenye mapaa, ambaye naye hutikisa mkia na naye hulinda ufuko. Mwandike kwenye daftari pia, maana humfukuza kitwitwi, na kufukuzwa naye si habari ya mpaka kati ya vitwitwi.

Kuchagua kipande cha ufuko

Unahitaji mita 300 hadi 500 za ukingo zinazoonekana kutoka sehemu 1 au 2 bila wewe kutembea. Chini ya mita 300 unaweza kupata mwenyeji mmoja tu bila jirani, na bila jirani hakuna mpaka wa kuchunguza. Zaidi ya mita 500 hutaweza kufuatilia kila kinachotokea ukiwa mmoja.

Tatizo kubwa la Goma ni kuta. Sehemu nyingi za ufuko ziko nyuma ya nyumba za watu na hoteli, na kamba ya kupimia haipiti ukutani. Zipo njia 3: kuchagua ufuko wa umma ambako watu huchota maji na kufua, kuomba ruhusa ya kukaa kwenye baraza au ghorofa ya juu ya nyumba inayotazama ziwa, ambako ni bora kuliko kote kwa sababu ndege hakuoni, au kupima kwa mtumbwi kutoka majini. Ya tatu ni ya kupima tu. Kuchunguza kutoka kwenye mtumbwi unaoyumba ni kujitesa.

Ufuko wetu unatazama kusini, kwa hiyo jua huchomoza kwenye ncha moja ya ufuko na kuzama kwenye ncha nyingine. Asubuhi kaa upande wa mashariki ukitazama magharibi, jioni kinyume chake. Ukikosea, ndege atakuwa kivuli cheusi juu ya jiwe jeusi.

Usikae mashimoni. Magharibi ya mji, kuanzia upande wa Keshero na kuendelea kuelekea Sake, kuna mazuku: hewa ya kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa ya kawaida, inayojikusanya kwenye mabonde na mashimo ya lava, hasa usiku na alfajiri kabla upepo haujaamka. Saa hizo ndizo mchunguzi wa ndege hujitafutia mahali pa kujificha. Kaa palipoinuka, penye upepo. Ukikuta wadudu, panya au ndege waliokufa ndani ya shimo bila jeraha, ondoka. Huo si ushahidi wa ugomvi wa mipaka.

Jambo la mwisho kuhusu mahali: darubini na daftari mkononi mwa mtu anayetazama kando ya ziwa kwa saa 3 humtia askari wasiwasi, na ana sababu. Kaa mbali na bandari, mbali na mpaka wa Rwanda na mbali na kambi yoyote. Mwarifu mkuu wa avenyu kabla ya siku ya kwanza, beba barua ya shule au chama chako yenye muhuri, nendeni wawili. Watoto wakija, wape darubini dakika 2 kila mmoja. Baada ya hapo watakusaidia kuona, badala ya kurusha mawe.

Kupima

Tumia kamba ya mita 10 isiyovutika, yenye kifundo kila mita. Ilaze juu ya mawe kufuata ukingo wa maji, ikiwa imenyooka kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha weka alama na uendelee. Hapa kuna mtego. Ufuko wa lava umejaa vijipinda, na ukiupima kwa kamba ya mita 1 utapata urefu mkubwa zaidi kuliko ukiupima kwa kamba ya mita 10, kwa sababu kamba fupi inaingia kila kona. Hakuna kipimo kilicho sahihi zaidi ya kingine, lakini anayepima eneo moja kwa kamba fupi na la jirani kwa kamba ndefu amejidanganya. Chagua mita 10, iandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, usibadilishe.

Vipe vipande namba kutoka mashariki kwenda magharibi: 1, 2, 3 na kuendelea. Mita 300 zinatoa vipande 30. Paka doa la chokaa juu ya jiwe lililo wima kila mwisho wa kipande, upande unaotazama mahali utakapokaa. Mvua huosha chokaa, kwa hiyo chora pia kila alama kwenye ramani kwa umbo la jiwe lenyewe au kitu cha kudumu: kona ya ukuta, bomba, mti. Usitegemee simu kukuonyesha mahali. Kosa la mita 5 au zaidi ni la kawaida kwa simu, na hilo ni nusu ya kipande chako.

Kwenye ramani andika kila kipande kina nini: mawe makubwa, changarawe, mchanga, majani yaliyoingia majini, mahali pa kufulia, mahali mitumbwi inapofungwa, mahali sambaza, samaki wadogo wa ziwa hili, wanapoanikwa. Penye sambaza pana nzi, na penye nzi ndege ana sababu ya kupapigania.

Pima pia usawa wa ziwa. Chora mstari kwenye jiwe moja kubwa, na kila wiki pima kwa rula maji yako sentimita ngapi chini au juu yake. Mvua zikiendelea ziwa hupanda taratibu, mawe ya chini yanazama, na mpaka unahama. Mchunguzi asiyepima maji atadhani ndege amemnyang'anya jirani.

Vifaa vyenyewe si vingi. Darubini ya 8x42 inatosha kwa umbali wa hadi mita 80. Ya 10x42 inaonyesha manyoya vizuri zaidi, ila inachosha mikono. Darubini ya miguu mitatu ni nzuri ukikaa ghorofani, lakini kuanzia saa 3 au 4 asubuhi lava ikipata moto hewa hucheza, na kadiri unavyokuza picha ndivyo inavyotetemeka. Penseli, si kalamu ya wino. Simu yenye saa inayolia kila sekunde 30. Nguo za kahawia au kijivu.

Kumjua ndege mmoja mmoja

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Ukiona kitwitwi kipande cha 7 leo na kipande cha 7 kesho, hujaona bado kwamba ni yule yule. Usijaribu kuwanasa ili kuwavisha pete. Hiyo ni kazi ya waliofunzwa na wenye kibali, na nyavu mikononi mwa asiyejua huvunja miguu. Tumia alama ambazo ndege amekuja nazo.

Ya kwanza ni umri. Kuanzia Agosti hadi Oktoba, kitwitwi aliyezaliwa mwaka huo huwa na manyoya ya bawa yenye kingo za rangi ya mchanga na michirizi myeusi, kama magamba yaliyopangwa. Mkubwa hana hiyo, au imechakaa. Wakubwa hutangulia kufika, wadogo hufuata, kwa hiyo kama mwenyeji wa kipande chako Agosti ni mkubwa na Oktoba yupo mdogo, eneo limebadili mikono.

Ya pili ni nzuri zaidi. Wakubwa hubadilisha manyoya makubwa ya mabawa wakiwa huku kwetu. Manyoya huanguka kwa zamu kutoka katikati ya bawa kwenda nje, mabawa yote mawili sawasawa, na kuacha pengo. Piga picha ndege anaporuka, au anaponyoosha bawa baada ya kuoga. Mwenye pengo katikati na mwenye pengo karibu na ncha ni ndege 2 tofauti. Alama hii husogea kadiri manyoya mapya yanavyokua, kwa hiyo ifuatilie kila wiki na uandike tarehe. Ukikaa wiki 5 bila kuangalia, umempoteza.

Ya tatu ni majeraha: kidole kilichokatika, mguu uliofungwa na uzi wa nyavu, kuchechemea. Ya nne ni umbo la madoa ya kahawia pande mbili za kifua, ambayo kwa baadhi yao hukutana katikati na kwa wengine hayakutani. Inasaidia, ila isitumike peke yake, kwa sababu ndege akijikunja madoa hubadilika sura.

Mpe kila ndege herufi, si jina. Ukishampa jina utaanza kumwona hata asipokuwepo.

Kikao cha dakika 20

Saa nzuri ni kuanzia saa 12 hadi saa 3 asubuhi, na kuanzia saa 9 na nusu hadi saa 11 na nusu jioni. Fika dakika 20 kabla, kaa, acha ufuko ukusahau. Anza kwa umbali wa mita 60 kutoka kwa ndege wa karibu zaidi. Akisimama, akarefusha shingo na kunesa mkia upesi kuliko kawaida, uko karibu mno. Rudi nyuma hadi ainamishe kichwa na kuanza kudonoa tena.

Kabla ya kumfuata yeyote, pitisha macho kwenye ufuko wote kutoka kipande cha 1 hadi cha mwisho na uandike kila kitwitwi na kipande chake. Rudia kati ya kikao kimoja na kingine, hata kama huoni kitu. Vipande vitupu ni habari pia: bila hivyo hutajua kama ndege huacha nafasi kati yao au wewe tu hukutazama huko.

Kisha chagua ndege 1 na umfuate dakika 20. Kila simu inapolia, yaani kila sekunde 30, andika vitu 2: kipande alipo na anachofanya. Herufi hizi zinatosha: L anakula, T anatembea bila kula, M amesimama akitazama, N anasafisha manyoya, R anaruka, X haonekani. Unapata alama 40 kwa kikao. Usiruke X. Kitwitwi hupotea nyuma ya mawe mara kwa mara, na wanaoanza huona aibu kuandika X nyingi, wakaweka kipande wanachodhania. Matokeo yake ni ramani ya dhana zao.

Katikati ya alama, andika ugomvi wowote mara unapotokea, na kila kugeuka. Kugeuka maana yake: alikuwa anakwenda upande mmoja huku akila, akafika mahali, akarudi bila kufukuzwa na mtu, mbwa wala ndege mwingine. Weka mshale na namba ya kipande. Geuko 1 si kitu. Mageuko 9 kati ya 12 kwenye jiwe lile lile ni mpaka.

Ile kona ya majini iliyotajwa mwanzoni usiitengeneze mwenyewe kwa kumfukuza ndege. Goma haikosi watu wa kuifanya kazi hiyo: wachota maji hupita na bidoni zao, wavuvi hurudi, watoto hukimbia. Wewe kaa na uandike: nani amepita, kuelekea upande gani, ndege aliruka kutoka kipande gani, alitua wapi, na alizungukia majini kwenye kipande gani. Wapita njia 10 kwa asubuhi moja watakupa mwisho wa eneo pande zote mbili vizuri zaidi kuliko mapigano ya mwezi mzima. Tahadhari moja: kona inahesabika tu kama mbele yake ufuko ulikuwa huru. Kama mbele palikuwa na wafuaji 20, amegeuka kwa sababu ya wafuaji.

Kusoma ugomvi

Ugomvi wa vitwitwi hupanda ngazi, na mara nyingi huishia ngazi za chini. Mwenyeji hujikunja kwanza, kichwa chini, shingo ndani, manyoya ya mgongo yamesimama, akamwelekea mgeni kwa hatua za haraka. Mgeni akikaza, huenda wakatembea sambamba, bega kwa bega, mita 1 au 2 kati yao, wakielekea nchi kavu kisha kurudi majini. Matembezi haya hufuata mstari wa mpaka wenyewe, kwa hiyo yaandike kwa makini kuliko yote. Kuna kuinua bawa moja au yote mawili ili weupe wa chini uonekane, na kukunjua mkia kama feni. Halafu kukimbiza kwa miguu, kisha kufukuza angani kwa kelele. Kushikana kwa midomo na mabawa ni nadra.

Kwa kila tukio andika: saa, kipande, nani alianza, ngazi ya juu iliyofikiwa, nani aliondoka na kuelekea kipande gani, na nani alikuwa anakula pale dakika 2 baadaye. Hilo la mwisho watu husahau. Mshindi ni anayebaki kula, si mwenye kelele nyingi.

Sasa swali gumu: umeona A akimfukuza B. Ni mpaka, au ni ubabe tu, au wamegombea mdudu mmoja? Jibu linapatikana kwa kulinganisha mahali. Kama A anamshinda B kwenye vipande 3 hadi 9, lakini kwenye vipande 10 hadi 16 ni A anayekimbia, hapo kuna maeneo 2 na wenyeji 2. Kama A anashinda popote wanapokutana, huo ni ubabe. Kama wanagombana tu pale mmoja aliposhika chakula na kisha wanaendelea kula pamoja, huo ni wizi wa chakula. Usiamue chini ya makutano 10 ya jozi ile ile.

Usishangae pia ukikuta wasio na eneo. Kwenye mdomo wa mto Tees, kaskazini-mashariki mwa Uingereza, uchunguzi wa Pluvialis squatarola, ndege mwingine wa ufukweni, ulionyesha kwamba baadhi walishika eneo kipindi chote cha baridi, wengine kwa muda mfupi, wengine hawakushika kabisa, ndani ya kundi la ndege wa aina moja.

Chakula, wavamizi, na eneo linaloachwa

Hesabu midonoo kwa dakika 1 angalau mara 5 katika kila kikao, ndege akiwa anakula wazi. Ukiona koo likimeza, weka alama pembeni. Linganisha vipande. Wengi hutarajia kwamba penye chakula kingi ndipo ulinzi ulipo mkali. Hadi kiwango fulani ni kweli. Kwenye ufuko wa Bodega Bay, California, J. P. Myers, P. G. Connors na F. A. Pitelka walichunguza Calidris alba, ndege mdogo wa ufukweni, na mwaka 1979 walieleza kwamba chakula kikiwa kingi wavamizi nao huongezeka, na kwamba wavamizi hao, zaidi ya chakula chenyewe, ndio wanaobana ukubwa wa eneo.

Kwa hiyo pale sambaza wanapoanikwa na nzi kujaa, usitazame mwenyeji peke yake. Hesabu wageni wanaoingia kwa saa, na dakika ambazo mwenyeji anapoteza kuwafukuza. Zikizidi, unaweza kumwona anaacha kufukuza, wanakula 3 au 4 pamoja, na kesho sambaza wakiisha anaanza kufukuza upya. Hapo eneo halikupotea. Lilisitishwa kwa saa chache kwa sababu kulilinda kulikuwa ghali kuliko kugawana. Andika saa lilipositishwa na saa liliporudi.

Kuchora mpaka

Baada ya vikao 10 hadi 12 vya ndege mmoja, siku tofauti, asubuhi na jioni, una data ya kutosha. Chukua mfano wa kubuni. Vikao 12 kwa alama 40 ni 480. X ni 90, zinabaki 390. Kati ya hizo, 374 ziko vipande 3 hadi 9. Gawanya 374 kwa 390, unapata asilimia 96 hivi. Vipande 7 kwa mita 10: eneo la A lina mita 70. Zile 16 zilizobaki zitazame moja moja. Kama karibu zote ni R, alikuwa anapita tu. Kama ni L, anaiba kwa jirani, na ungependa kujua jirani alikuwa wapi saa hiyo.

Sasa chora mistari 3 kwenye karatasi moja, mmoja juu ya mwingine: alama za A na B kwa kila kipande, mageuko, na matukio ya ugomvi. Mpaka ni pale mistari yote 3 inapokubaliana. Ikiwa alama zinakutana kati ya kipande 9 na 10, mageuko yamejaa hapo, na sehemu kubwa ya kufukuzana imetokea hapo, andika mpaka bila wasiwasi. Ikiwa alama zinaachana lakini hakuna geuko wala ugomvi, labda kuna mwamba mrefu tu usiolika kati yao.

Yanayoharibu kazi

Jioni ni mtego wa kwanza. Kitwitwi hula peke yake mchana, lakini giza likikaribia huacha eneo lake na kwenda kulala pamoja na wenzake. Ukiendelea kuandika baada ya saa 11 na nusu utawaona 6 wamekaa kwenye jiwe moja bila ugomvi, na utafuta kazi yako ya mchana kwa mkono wako mwenyewe. Funga daftari mapema, au hesabu mahali pa kulala kwenye ukurasa wake.

Mwewe au kozi akipita, kila mmoja huganda au huruka ovyo. Andika saa, acha dakika 10, anza upya. Mvua kubwa vivyo hivyo. Usichunguze Jumapili tu kwa sababu ndiyo siku uliyo huru; siku za kufua na siku za mapumziko zina watu tofauti ufukweni, na utakuwa umepima ratiba ya watu. Wala usihesabu migongano 40 ya A na B kama ushahidi wa ndege 40. Ni ndege 2.

Anza Agosti au Septemba kama unaweza, wageni wanapoingia na mipaka inapogombaniwa, kisha endelea angalau hadi Januari ili uone eneo lililotulia. Kuanzia Machi wanaanza kujaza mafuta ya safari na kuondoka mmoja mmoja, na vipande vinabaki wazi. Mwenye nafasi atazame kama jirani anajiongezea kipande kilichoachwa, na baada ya siku ngapi.

Agosti inayofuata utakuta kitwitwi kwenye kipande cha 7. Ndege hawa hujulikana kurudi mahali pale pale mwaka hadi mwaka, na utashawishika kuandika kwamba A amerudi. Kama hana pete wala kidole kilichokatika unachokifahamu, andika tarehe, kipande, umri wa manyoya, na neno moja: "mwenyeji".